Kabla ya Captain Phillips: Mwanzo wa Sinema ya Wasomali wa Minneapolis

Mwanahistoria wa sinema ya taifa huanza kwa kuitafuta filamu ya kwanza, na aghalabu huitafuta ndani ya mipaka. Nepal yatosha kuonyesha udhaifu wa njia hiyo. Satya Harishchandra, filamu ya kwanza kwa Kinepali, ilitengenezwa Kolkata, ikaonyeshwa mwaka 1951. Aama, ya kwanza kutengenezwa Nepal kwenyewe, ilifuata mwaka 1964, na mwongozaji wake, Hira Singh Khatri, aliitwa na Mfalme Mahendra kutoka India. Wasomali wa Minneapolis na Saint Paul wamepita njia hiyo kinyumenyume: sinema ilikuwepo nyumbani, vita vikaivunja, na baadhi ya walioijenga wakahamia ughaibuni.

Simulizi iliyozoeleka haisemi hivyo. Huanzia kwenye usaili uliofanyika Cedar-Riverside, mtaa wa Minneapolis, ambako watu zaidi ya 700 walijitokeza na vijana wanne wakachaguliwa kuigiza maharamia katika Captain Phillips ya Paul Greengrass. Filamu ilipotoka mwaka 2013, Barkhad Abdi aliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, kisha akatwaa ya BAFTA. Sifa hizo alizistahili. Lakini kuhitimisha kwamba Hollywood ndiyo iliyowafungulia Wasomali wa jiji hilo mlango wa sinema ni kosa.

Katika jiji hilohilo aliishi na kufundisha Said Salah Ahmed, mshairi na mtunzi wa tamthilia. Katikati ya miaka ya 1980, yeye na Amar Sneh waliongoza nchini Somalia filamu ndefu ya zaidi ya saa nne kuhusu Madarwishi wa Sayyid Mohammed Abdullah Hassan, waliopigana na Waingereza kwa miaka ishirini hadi ndege za kivita zilipoishambulia ngome yao ya Taleh mwaka 1920. Tufikirie uzito wa jambo hilo: nchi maskini ilikusanya mamia ya waigizaji ili isimulie yenyewe vita vyake na dola kubwa, tena kwa Kisomali pamoja na lugha nyingine, Kisomali kikiwa lugha iliyopata maandishi rasmi mwaka 1972 tu. Serikali ya Siad Barre, aliyeitawala Somalia wakati huo, ilikuwa na maslahi yake katika kumtukuza Sayyid, na mtafiti hana budi kulisema hilo wazi. Hata hivyo, mwenye hadithi ndiye aliyeishika kamera.

Hapo ndipo panapoeleweka yaliyotokea mwaka 2016, mwanamuziki mwenye asili ya Somalia, K'naan, alipokuja Cedar-Riverside kupiga tamthilia ya kituo cha televisheni cha HBO na baadhi ya wakazi wakaandamana kuipinga. Hawakuwa watu wageni wa kamera. Hoja yao ilikuwa kwamba vijana wao wangeonyeshwa tena kwa sura ya ugaidi. HBO haikuiendeleza tamthilia hiyo. Mwaka huohuo Barkhad Abdirahman, mmoja wa wale wanne, aliongoza waigizaji wa A Stray ya Musa Syeed, kisa cha kijana mkimbizi wa Minneapolis anayejikuta na mbwa asiye na mwenyewe. Humo imani, njaa na upweke vina nafasi ambayo haramia hakupewa.

Kwa hiyo napendekeza sura ya kwanza ya historia hii ianzie Mogadishu ya miaka ya 1980, na kazi ya awali iwe kurekodi ushuhuda wa wazee walioishuhudia sinema hiyo, wangali hai.