Wapangaji Wasio na Hati: Ugawaji Upya wa Masafa ya Redio na Watumiaji wa Maikrofoni Zisizo na Waya nchini Marekani na Uingereza, 2008–2020

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi ugawaji upya wa masafa ya redio nchini Marekani na Uingereza ulivyowaathiri watumiaji wa maikrofoni zisizo na waya. Hoja kuu ni kwamba hasara waliyoipata haikutokana na uhaba wa masafa peke yake, bali pia na hadhi yao mbele ya sheria. Waliokuwa na leseni waliweza kudai fidia pale ambapo serikali iliitoa. Waliotumia masafa kwa mazoea tu waliondolewa mikono mitupu. Sehemu ya mwisho inaeleza kwa nini historia hiyo inaihusu Afrika Mashariki, ambayo imo katika makubaliano yaleyale ya kimataifa.

1.0 Utangulizi

Historia ya mawasiliano ya redio imeandikwa zaidi kwa kuwatazama wenye minara: mashirika ya utangazaji, majeshi na kampuni za simu. Wanaotumia mawimbi kwa nguvu ndogo, ndani ya ukumbi mmoja, hutajwa kwa nadra. Hata hivyo, muhubiri, mwigizaji, mwalimu na mtangazaji wa michezo wote wamekuwa warushaji wa mawimbi tangu walipoacha kushika maikrofoni yenye waya. Swali linaloongoza makala haya ni hili: masafa yanapobadilishiwa matumizi, nani huhesabiwa kuwa ameondolewa, na nani huonekana kana kwamba hakuwahi kuwapo?

2.0 Maisha katika Nafasi Tupu za Televisheni

Maikrofoni zisizo na waya zilianza kuuzwa miaka ya 1950. Kampuni ya Shure ya Marekani ilitoa ya kwake mwaka 1953. Katika utengenezaji wa filamu ya My Fair Lady, iliyotoka mwaka 1964, mwigizaji Rex Harrison alifichiwa maikrofoni ya namna hiyo ndani ya tai ili nyimbo zake zirekodiwe papo hapo anapoigiza. Kufikia miaka ya 1990, tamthilia kubwa ya muziki iliweza kutumia maikrofoni kadhaa kwa wakati mmoja.

Vifaa hivi vilipata makazi katika masafa ya televisheni kwa sababu ya kiufundi. Katika mfumo wa analojia, vituo viwili vya maeneo jirani havikuweza kutumia chaneli moja bila kuingiliana. Kwa hiyo kila mji ulibaki na chaneli kadhaa zisizo na kituo. Kwa kuwa nguvu ya maikrofoni ni ndogo, ilikaa katika nafasi hizo bila kumdhuru mtazamaji wa televisheni.

Makazi hayo hayakuwa na wasaa kama yalivyoonekana. Maikrofoni moja ya analojia huhitaji upana wa takriban kHz 200, hivyo kwa hesabu ya haraka chaneli ya Marekani yenye upana wa MHz 6 ingebeba maikrofoni 30. Lakini mawimbi mawili yanapokutana katika mitambo huzaa mawimbi mengine yasiyotakiwa, na fundi sauti hulazimika kuziepuka sehemu yanakoangukia. Kwa hiyo idadi halisi hushuka hadi nane au kumi hivi. Aidha, kila kifaa hutengenezwa kwa sehemu maalumu ya masafa. Sehemu hiyo ikifungwa, kwa kawaida hakiwezi kuhamishiwa nyingine. Mwenye kifaa hana budi kununua kipya.

3.0 Marekani: Kuhamishwa Mara Mbili

Kanuni za Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, ziliwapa haki ya leseni ya maikrofoni hizi watu wa makundi machache, hasa vituo vya utangazaji na watengenezaji wa filamu na vipindi. Makanisa, shule, kumbi za mikutano na majumba mengi ya maonesho hayakuwamo. Hata hivyo vifaa viliuzwa madukani kwa yeyote mwenye fedha, na kwa miaka mingi hakuna aliyeulizwa leseni. Hapo ndipo pengo kati ya sheria na desturi lilipozaliwa.

Pengo hilo lilifichuka mwaka 2008. Kutokana na kuhamia kwenye televisheni ya dijitali, chaneli 52 hadi 69, yaani MHz 698 hadi 806, zilitengwa kwa ajili ya huduma za simu na za usalama wa umma, na mnada wa mwaka huo ukaiingizia serikali takriban dola bilioni 19. Mwezi Julai, jumuiya za kiraia ziliwasilisha malalamiko mbele ya FCC zikidai kwamba watengenezaji waliwauzia maikrofoni watu wasiostahiki leseni. Wakati huohuo, FCC ilikuwa ikitafakari kuruhusu vifaa vya intaneti kutumia chaneli tupu zilizobaki. Mwanamuziki Dolly Parton, ambaye tamthilia yake ya muziki ilikuwa ikielekea Broadway, aliiandikia FCC barua ya kupinga. Novemba 2008 pendekezo hilo lilipitishwa.

Januari 2010 FCC iliamuru maikrofoni zote ziondoke katika MHz 700 ifikapo tarehe 12 Juni 2010. Amri hiyo ilikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja ilivifanya vifaa vingi kuwa haramu ndani ya miezi michache. Kwa upande mwingine iliwaruhusu kwa mara ya kwanza watumiaji wa kawaida kutumia chaneli za televisheni zilizobaki bila leseni, mradi nguvu isizidi miliwati 50. Mwaka huohuo FCC iliahidi kutenga chaneli mbili katika kila eneo kwa ajili ya maikrofoni, pale zitakapopatikana.

Wengi walinunua vifaa vipya, vingi vikiwa vya MHz 600. Ruhusa waliyopewa, hata hivyo, haikuwa hati. Mnada ulioanza mwaka 2016 na kufungwa Aprili 2017 ulitwaa MHz 84 za televisheni, zikiwamo MHz 70 kwa ajili ya simu, na kuingiza dola bilioni 19.8. Vituo vya televisheni vilivyokubali kuachia masafa vililipwa zaidi ya dola bilioni 10. Vilivyolazimika kuhama chaneli vilitengewa mfuko wa fidia wa dola bilioni 1.75, ulioongezwa baadaye. Kwa wenye maikrofoni hapakuwa na mfuko wowote. Walichopata ni punguzo la bei kutoka kwa watengenezaji waliotaka kuwauzia vifaa vingine. Ahadi ya chaneli mbili nayo iliondolewa. Kufikia tarehe 13 Julai 2020 walitakiwa wawe wamehama, na kanisa lililotii amri ya mwaka 2010 kwa kununua vifaa vya MHz 600 likajikuta linanunua tena.

Ni kweli kwamba mwaka 2014 FCC ilipanua haki ya leseni. Lakini iliwafikia tu watumiaji na kumbi ambao kwa kawaida hutumia maikrofoni 50 au zaidi. Wadogo waliendelea kuwa wapangaji wa mdomo.

4.0 Uingereza: Nguvu ya Karatasi

Nchini Uingereza mambo yalikwenda tofauti. Watu wa maonesho walikuwa na chaneli 69, MHz 854 hadi 862, iliyopatikana nchi nzima kwa leseni zilizotolewa na kampuni ya JFMG kwa niaba ya mamlaka ya mawasiliano, Ofcom. Watumiaji wadogo nao walikuwa na MHz 863 hadi 865, ambazo hazikuhitaji leseni.

Februari 2009 Ofcom ilipotangaza nia ya kuiondoa chaneli 69 ili kupisha simu za kizazi cha nne, wadau walikuwa tayari wamejipanga, hasa kupitia chama chao cha BEIRG. Walipewa chaneli 38, MHz 606 hadi 614, iliyokuwa ikitumiwa na wanaastronomia wa redio. Serikali iligharimia sehemu ya bei ya vifaa vipya kwa waliokuwa na leseni katika kipindi kilichowekwa. Kufikia mwaka 2012 uhamisho ulikuwa umefanyika, na mnada wa mwaka 2013 ukaingiza pauni bilioni 2.34. MHz 700 zilipofungwa kwao tarehe 1 Mei 2020, mpango mwingine uliwalipa waliostahiki asilimia 60 ya gharama ya kifaa kipya.

Fidia hiyo haikuwa kamili. Hata hivyo inadhihirisha tofauti ya msingi: Ofcom ilijua wanaohamishwa ni akina nani kwa sababu majina yao yalikuwa katika daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nchini Marekani masafa yalikuwa mali ya namna hiyo.

5.0 Maana kwa Afrika Mashariki

Nchi zetu zimo katika Kanda ya Kwanza ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, pamoja na Ulaya na nchi za Kiarabu. Makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa kwa televisheni ya analojia. Tanzania ilianza kuzima mitambo hiyo Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012; Kenya ilifuata mwaka 2015. Mjadala wakati huo ulihusu zaidi ving'amuzi na bei zake.

Afrika haikuwa mpokeaji tu. Katika mkutano wa dunia wa redio wa mwaka 2012, mataifa ya Afrika na ya Kiarabu ndiyo yaliyoshinikiza MHz 694 hadi 790 zitolewe kwa simu katika kanda yetu. Hoja yao ilikuwa na uzito: kwa mwananchi wa kijijini, masafa ya chini ndiyo hufika mbali kwa minara michache. Azimio hilohilo liliagiza pia itafutwe njia ya kuzikidhi huduma zinazoambatana na utangazaji, zikiwamo maikrofoni. Kwa hiyo mahitaji hayo yamekwisha kutambuliwa kimataifa. Kinachobaki ni kila nchi kujua ni nani, katika makanisa, misikiti, kumbi za harusi na vikundi vya sanaa, anayetumia nini na wapi.

6.0 Hitimisho

Ugawaji upya wa masafa ulikuwa na manufaa ya kweli, na makala haya hayapingi simu kupewa nafasi. Yanachodai ni kwamba gharama yake iligawanywa kwa kufuata karatasi, si matumizi. Wenye minara walilipwa ili wahame. Wenye leseni ndogo walisaidiwa walipokuwa na serikali iliyowatambua. Waliobaki waligharimia wenyewe maendeleo ya wengine. Mamlaka itakayotaka kuepuka dhuluma hiyo ianze na jambo rahisi: usajili wa bei nafuu, ulio wazi kwa kanisa dogo kama ulivyo kwa kituo cha televisheni, kabla ya mnada kutangazwa.