Picha za Rada na Mitambo Igeuzwayo

Waandikao historia ya picha za rada aghalabu huisifu antena, ambayo ndiyo jicho, wakaisahau hesabu. Ilhali kilichoichelewesha kazi hii si kuona, bali kuhesabu.

Mwaka 1951 Carl Wiley wa kampuni ya Goodyear, Marekani, alitambua kwamba miangwi ya rada ikusanywayo na ndege iendayo yaweza kuunganishwa, ikawa kana kwamba ndege imechukua antena ndefu mno. Lakini mwangwi mbichi si picha: habari za nukta moja ya ardhi hutawanyika katika maelfu ya namba. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan waliiandika miangwi hiyo juu ya filamu, wakaipitishia mwanga na lenzi. Lenzi zikafanya hesabu iliyozishinda kompyuta za siku zile.

Mwaka 1965 njia ya Cooley na Tukey ilipunguza mzigo. Mstari wa namba 4,096, uliotaka mazidisho kadiri ya 16,777,216, sasa ulitaka kadiri ya 49,152 tu. Hata hivyo, setilaiti ya Seasat, iliyorushwa Juni 1978, ilidumu siku 105. Na miangwi yake mingi ilikaa katika kanda hata mwaka 2013, Alaska Satellite Facility ilipozitoa picha zake za tarakimu.

Dawa ilikwisha kufikiriwa zamani. Mwaka 1960 Gerald Estrin, wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alipendekeza kompyuta yenye sehemu thabiti na sehemu igeuzwayo kwa kufuata kazi. Mwaka 1985 Xilinx walitoa chipu ya XC2064, yenye vitalu 64 vya mantiki ambavyo mtumiaji aliweza kuvipanga mwenyewe. Katika chipu kubwa zilizofuata, vizidishi vingi hufanya kazi pamoja, mfano wa watu wapokezanao ndoo kutoka kisimani. Processa ya kawaida yafanana zaidi na mtu mmoja aendaye na kurudi.

Kikwazo kimebaki katika kumbukumbu: miangwi huingia kwa mistari, na hesabu ya pili huitaka kwa safu wima. Kumbukumbu ikikawia, vizidishi hukaa bure.

Basi wazo la Estrin lilingoja chombo miaka 25, na miangwi ya Seasat ikangoja picha miaka 35. Si jambo dogo. Rada huona usiku na kupenya mawingu. Lakini picha ya mafuriko ifikayo maji yakiisha kupwa ni ya makumbusho, haimwokoi mtu.