Wagonjwa wa Mpakani

Hospitali ya Mirembe ilijengwa Dodoma mwaka 1927, na jina lake likaja kuwa tusi. Hata Bariadi, katika Usukuma uliomegwa kutoka Shinyanga mwaka 2012 ukaitwa Simiyu, asiyeijua Dodoma huelewa aambiwapo ametoka Mirembe.

Wala matusi si ya mitaani tu. Madaktari nao wana lao. Mwaka 1938 Adolf Stern wa New York aliwaita “wa mpakani” wagonjwa wasioenea katika fungu la wenye wazimu wala la wenye wasiwasi. Leo jina hilo hupewa wenye hisia kali, waogopao mno kuachwa, aghalabu wenye kujidhuru. Mwaka 1988, huko Uingereza, Lewis na Appleby waliwapa madaktari wa akili habari za mgonjwa mmoja. Walioambiwa kuwa aliwahi kuonekana na kasoro ya haiba walimhukumu: msumbufu, mtafuta kuangaliwa, aliye na uwezo wa kujizuia asijiue. Mgonjwa ni yule yule!

Sheria ya jinai waliyoiacha Waingereza Tanganyika nayo ilimhesabu ajaribuye kujiua kuwa mkosaji. Basi mwenye jeraha la mkono wake mwenyewe, Bariadi, hubisha hodi hospitalini na hofu mbili.