Tamthilia za makachero husafiri, sheria hubaki kwao

Mtazamaji wa runinga mtaani Bamburi, Mombasa, amezoea kuwaona makachero wa kigeni wakifumbua mauaji. Aghalabu hadithi hizo hukopwa. Kituo cha nchi moja hununua haki za tamthilia ya nchi nyingine, kikaiandika upya kwa waigizaji na mandhari ya kwao. Signal ya Japani, iliyoonyeshwa mwaka wa 2018, ilitokana na tamthilia ya Korea Kusini ya mwaka wa 2016.

Pwani pia inaujua ukopaji huo kupitia riwaya. Bwana Msa, kachero aliyebuniwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ana kiko na msaidizi kama Sherlock Holmes wa Uingereza. Hata hivyo, kesi yake katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ni ya Unguja.

Kenya, iliyozoea kupokea, nayo imewahi kutoa. Crime and Justice, iliyotayarishwa na Showmax pamoja na Canal+ ya Ufaransa, ilianza kuonyeshwa Februari 2021. Sarah Hassan aliigiza kachero Makena, naye Alfred Munyua akawa mwenzake Silas, katika kesi zinazofanana na habari za magazeti ya Nairobi. Desemba 2022 likatoka toleo la Nigeria, Crime and Justice Lagos, likiwa na Folu Storms na Jammal Ibrahim.

Muundo wa makachero wawili na safari ya kesi hadi mahakamani uliweza kuhamishwa. Sheria haihamishiki. Nchini Japani, mshukiwa anaweza kuzuiliwa hadi siku 23 kabla ya kushtakiwa. Katiba ya Nigeria inatoa siku moja iwapo mahakama iko ndani ya kilomita 40, na siku mbili au zaidi kwingineko, kadiri mahakama itakavyoona inafaa. Nchini Kenya, Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kinaagiza mshukiwa afikishwe kortini katika muda usiozidi saa 24. Muda huo ukiishia nje ya saa za mahakama au katika siku isiyo ya kazi, husogezwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Polisi wakitaka muda zaidi, hulazimika kumwomba hakimu.

Kwa mwandishi wa tamthilia, saa hizo ndizo zinazompa kachero haraka. Kwa mtazamaji, zina uzito mwingine. Kijana wa Bamburi aliyejifunza kazi ya polisi kutokana na filamu za Marekani huenda akatarajia baraza la wananchi limwamulie kesi, ilhali katika Mahakama ya Shanzu, iliyo jirani, uamuzi ni wa hakimu peke yake. Huenda pia asijue kwamba Kifungu hicho cha 49 kinampa haki ya kuelezwa, mara tu anapokamatwa na kwa lugha anayoielewa, sababu ya kukamatwa kwake, haki ya kunyamaza, na haki ya kuwasiliana na wakili.

Kwa hiyo, anayekopa hadithi ya kachero hana budi kuanzia kwenye katiba ya kwao kabla ya kuchagua waigizaji. Kosa la mandhari humchekesha mtazamaji, lakini kosa la sheria anaweza kuondoka nalo hadi kituoni siku atakapokamatwa.