Mafundi wa Jengo la Empire State, 1930–1931

Jengo refu hukumbukwa aghalabu kwa jina la mwenye mali na la aliyelichora. Aliyebeba chuma hatajwi. Jengo la Empire State, mjini New York, lafaa kutazamwa kwa upande huo wa pili.

Ujenzi wake ulianza tarehe 17 Machi 1930, nalo likafunguliwa tarehe 1 Mei 1931, lina ghorofa 102 na urefu wa meta 381. Siku za kazi nyingi walikuwapo watu wapatao 3,400. Wengi walikuwa wahamiaji kutoka Ulaya, na pamoja nao Wamohawk wa Kahnawake, karibu na Montreal, ambao watu wao waliingia katika kazi ya kuunga vyuma tangu lilipojengwa daraja la mto St. Lawrence mwaka 1886.

Mifupa ya jengo iliungwa kwa ribiti, yaani vipande vinene vya chuma vilivyopigwa vingali vya moto. Kila kikosi kilikuwa na watu wanne. Wa kwanza aliipasha ribiti moto hata ikawa nyekundu, akaitupa kwa koleo. Wa pili akaidaka kwa kopo na kuitia tunduni. Wa tatu akakikaza kichwa chake kwa nyuma. Wa nne akaiponda ncha kwa nyundo ya hewa. Akikosekana mmoja, watatu waliobaki hawakuweza kitu.

Kwa utaratibu huo mifupa ilipanda kwa wastani wa ghorofa 4 na nusu kila juma. Chakula kiliuzwa humo humo ghorofani, na reli ndogo zikatandikwa za kuchukulia vifaa, ili muda usipotee. Kwa hesabu rasmi, watu 5 walikufa kazini.

Haraka hiyo husifiwa sana. Lakini yapasa kuuliza ilimfaa nani. Anguko la soko la hisa la Oktoba 1929 lilikuwa limekwisha kuleta uhaba wa kazi. Kwa mwenye jengo, siku iliyookolewa ilikuwa faida. Kwa fundi, ilikuwa ujira wa siku moja uliopotea. Kadiri alivyofanya bidii, ndivyo alivyoikaribisha siku ya kuachishwa. Wala haraka haikuwaleta wapangaji: Rais Hoover alibonyeza kitufe kule Washington ili taa ziwake, lakini sehemu kubwa ya jengo ilikaa tupu miaka kadhaa.

Miongoni mwa ushahidi uliobaki ni picha za Lewis Hine, aliyewafuata mafundi hadi juu ya vyuma. Nyuso zimo, majina mengi hayamo. Atakayeandika historia ya jengo hili na aanzie hapo.