Umumunyifu wa Sabuni na Jamaa Zake katika Maji: Historia ya Kipimo Kilichobadilika Maana, 1895–2007

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa kemia hufundishwa mapema kwamba umumunyifu ni kiasi kikubwa kabisa cha dutu kinachoweza kumumunyika katika kiasi maalumu cha maji, kwa halijoto maalumu. Chumvi hutiwa majini na kukorogwa, kisha huongezwa mpaka punje zinaanza kubaki chini. Maji yakichujwa, kilichomo hupimwa na tarakimu hupatikana. Fasili hii inasimama juu ya dhana moja, kwamba kuna mpaka ulio wazi baina ya kilichomumunyika na kisichomumunyika.

Sabuni haina mpaka huo. Molekuli yake ina kichwa kinachopenda maji na mkia wa mafuta unaoyaepuka. Kwa sababu hiyo hukimbilia kwenye uso wa maji, na uso ukijaa, molekuli zinazosalia hujikusanya ndani ya maji katika vifungu vidogo vinavyoitwa miseli, mikia ikiwa ndani na vichwa nje. Sifa hii ndiyo inayoziunganisha dutu zote zinazoitwa safaktanti, ziwe za sabuni ya kale au za sabuni ya unga ya kisasa.

Insha hii inafuatilia namna wanasayansi, na baadaye watunga kanuni, walivyojaribu kuupa umumunyifu wa dutu hizi tarakimu moja. Hoja ya msingi ni kwamba tarakimu inayoandikwa leo katika majalada ya usajili wa kemikali haikutokana na fasili ya kitabuni. Ilichaguliwa ili kujibu swali jingine, na msomaji asiyeijua historia ya uteuzi huo anaweza kuitumia vibaya.

2.0 Halijoto Kabla ya Ukolezi: Krafft

Mwaka 1823 Michel Eugène Chevreul wa Ufaransa alichapisha utafiti wake mkubwa kuhusu mafuta ya wanyama, ulioonesha kwamba sabuni ni chumvi za asidi za mafuta. Kama ni chumvi, ingetarajiwa imumunyike kama chumvi. Friedrich Krafft wa Heidelberg alipoichunguza katika miaka ya 1890, aliona mambo mawili yasiyolingana na matarajio hayo.

Kwanza, katika kazi aliyoichapisha na Wiglow mwaka 1895, alionesha kwamba mmumunyo moto wa sabuni ukipoa hutoa fuwele kwa halijoto inayofuata urefu wa mkia wa molekuli. Kwa sodiamu stearati, yenye mkia mrefu, halijoto hiyo ni takriban nyuzi 60 za Selsiasi. Kwa sodiamu laurati, yenye mkia mfupi, ni takriban nyuzi 11. Pili, sabuni zenye mikia mirefu hazikupandisha kiwango cha kuchemkia cha maji kwa kadiri inayotarajiwa kwa chumvi. Krafft alihitimisha kwamba sabuni katika maji ni koloidi, yaani mavimbe makubwa yaliyotawanyika na si molekuli mojamoja.

Umuhimu wa kazi hiyo kwa mada yetu ni huu: dutu ileile huonekana kuwa karibu haimumunyiki chini ya halijoto fulani, na kumumunyika kwa wingi nyuzi chache tu juu yake. Tarakimu ya umumunyifu isiyotajiwa halijoto, ambayo kwa chumvi ya mezani ni kosa dogo, kwa sabuni haina maana yoyote.

3.0 Bristol na Kuzaliwa kwa Miseli

Hitimisho la Krafft lilipingwa na vipimo vya umeme. Huko Bristol, James William McBain, mzaliwa wa Kanada, pamoja na Millicent Taylor, walipima upitishaji umeme wa mimumunyo ya sodiamu palmitati na kuchapisha matokeo kuanzia mwaka 1910. Mimumunyo hiyo ilipitisha umeme vizuri mno kuweza kuitwa koloidi tupu. Vipimo vya mvuke na kuchemka vilisema molekuli zimekusanyika. Vipimo vya umeme vilisema kuna ioni nyingi zinazosafiri.

Mwaka 1913 McBain alipendekeza kwamba pande zote mbili zilikuwa sahihi: ioni za sabuni hujikusanya katika miseli zenye chaji, na miseli hizo hupitisha umeme. Pendekezo hilo halikukubaliwa kwa urahisi, na ilichukua zaidi ya miaka ishirini kabla ya picha kukamilika. G. S. Hartley, katika kitabu chake cha mwaka 1936, alitetea umbo la tufe kwa miseli za mimumunyo isiyo mizito. Mwaka mmoja kabla ya hapo, yeye na R. C. Murray walikuwa wameeleza kitendawili cha Krafft. Walionesha kwamba molekuli moja moja za sabuni zina umumunyifu mdogo unaopanda polepole kadiri joto linavyoongezeka, kama ilivyo kwa chumvi nyingi. Umumunyifu huo ukifikia ukolezi ambao miseli huanza kujengeka, mlango hufunguka. Kila molekuli inayotoka kwenye fuwele huingia katika miseli, nafasi yake majini hubaki wazi, na fuwele huendelea kumumunyika.

Kuanzia hapo umumunyifu wa sabuni ulikuwa na sura mbili: ukolezi wa molekuli huru, ambao hukoma kupanda kwa kasi kwenye kizingiti cha miseli, na jumla ya dutu iliyomo majini, ambayo huendelea kupanda. Sodiamu dodesili salfeti ni mfano mzuri. Kwa nyuzi 25 kizingiti chake katika maji safi ni takriban milimoli 8 kwa lita, sawa na gramu 2.3 hivi. Hata hivyo zaidi ya gramu 100 zaweza kutiwa katika lita moja na maji yakabaki maangavu. Tofauti baina ya majibu hayo mawili ni zaidi ya mara arobaini.

4.0 Chupa, Mtikiso na Kanuni

Swali hili lingebaki maabarani kama mito isingetoa povu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, sabuni za unga zilitengenezwa kwa alkilibenzini salfoneti yenye mkia wa matawi, ambayo bakteria hawakuimeng'enya kwa urahisi. Povu lilitanda kwenye mito ya Ulaya na Marekani. Ujerumani Magharibi ilitunga sheria mwaka 1961, na katikati ya muongo huo viwanda vilihamia kwenye mkia ulionyooka. Somo lilikuwa wazi kwa serikali: sifa za kemikali zijulikane kabla haijafika mtoni.

Mwaka 1981 Shirika la Ushirikiano na Maendeleo ya Kiuchumi, OECD, lilitoa mwongozo namba 105 wa kupima umumunyifu katika maji, uliorekebishwa mwaka 1995. Kwa dutu zinazomumunyika zaidi ya miligramu 10 kwa lita, mwongozo unaelekeza njia ya chupa. Dutu hutiwa majini kwa wingi wa takriban mara tano ya kinachohitajika kuyashibisha, hutikiswa kwa nyuzi 30, kisha huachwa itulie kwa halijoto ya jaribio. Chupa tatu hufunguliwa kwa siku zinazofuatana, na zile mbili za mwisho zisipotofautiana zaidi ya asilimia 15, matokeo hukubaliwa.

Utaratibu huo ni mwaminifu kwa fasili ya kitabuni, na ndiyo sababu unashindwa mbele ya safaktanti. Dutu iliyozidi haikai chini: huingia katika miseli, hugeuka ute mzito, au hutoa povu linaloichukua. Mashine ya kuzungusha kwa kasi haiwezi kuondoa miseli zenye upana wa nanomita chache, na karatasi ya kuchujia hunasa sehemu ya molekuli zilezile zinazopimwa. Chupa tatu zaweza kukubaliana vizuri juu ya tarakimu isiyowakilisha mpaka wowote.

5.0 Kizingiti Chachukua Nafasi ya Umumunyifu

Chini ya kanuni ya REACH ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika mwaka 2007, umumunyifu katika maji ni miongoni mwa taarifa za msingi za usajili. Kwa safaktanti, mwongozo wa Wakala wa Kemikali wa Ulaya unaelekeza kizingiti cha miseli kichukuliwe kuwa kikomo cha umumunyifu. Sababu yake ni ya kiikolojia: kinachopenya kwenye matamvua ya samaki ni molekuli huru, si miseli.

Kizingiti hupatikana kwa kupima mvutano wa uso, mara nyingi kwa pete ya aina aliyoieleza Pierre Lecomte du Noüy mwaka 1919. Mvutano hushuka kadiri ukolezi unavyoongezeka, kisha hutulia. Mahali unapotulia ndipo kizingiti kilipo. Njia hii nayo ina mtego wake. Mwaka 1944 Miles na Shedlovsky walionesha kwamba bonde linaloonekana katika mchoro wa mvutano wa dodesili salfeti hutokana na uchafu wa alkoholi, nalo hutoweka dutu ikisafishwa. Bidhaa za viwandani ni mchanganyiko wa mikia ya urefu mbalimbali, hivyo tatizo ambalo watafiti hao waliliondoa kwa kusafisha humrudia mpimaji wa bidhaa halisi.

Upo pia mzunguko katika kanuni zenyewe. Mwongozo namba 115 wa OECD huihesabu dutu kuwa safaktanti endapo mvutano wa mmumunyo wake uko chini ya milinyutoni 60 kwa mita, wakati maji safi yana karibu 73. Lakini mmumunyo huo huandaliwa kwa asilimia 90 ya umumunyifu wa dutu, au kwa gramu moja kwa lita ikiwa umumunyifu unazidi hapo. Mpimaji anahitaji umumunyifu ili ajue kama dutu ni safaktanti, na anahitaji kujua kama ni safaktanti ili achague namna ya kupima umumunyifu.

6.0 Hitimisho

Krafft aliuliza ni kwa joto gani sabuni huingia majini. McBain na Hartley waliuliza huingia katika umbo gani. Watunga kanuni wakauliza ni kiasi gani huweza kumfikia kiumbe. Kila swali lina jibu halali, na majibu yote yameitwa umumunyifu. Kwa mtathmini wa hatari kizingiti ni chaguo la busara, lakini kwa mhandisi anayekadiria mzigo wa kemikali katika maji taka hakitoshi, kwani miseli husambaratika maji yanapoongezeka na kuachia upya molekuli zilizokuwa zimefichwa. Kwa hiyo tarakimu ya umumunyifu wa safaktanti haipaswi kuandikwa peke yake. Iandamane na halijoto, kiwango cha usafi wa dutu, njia iliyotumika, na tamko la wazi kama kilichopimwa ni molekuli huru au jumla yote. Bila maelezo hayo, watafiti wawili wanaweza kuandika neno moja, wakatofautiana mara arobaini, na wote wawili wakawa wamepima sawasawa.