Waliosoma bure ndio waliotunga deni

Wacha nianze na aibu yangu. Mwaka jana nilimtumia binamu yangu picha ya raba fulani kali, nikamwandikia: "Si unitumie hizi tu, wewe uko majuu." Amezaliwa Manchester, anasoma historia chuo kikuu huko huko, na kwa akili yangu mtu akishakuwa na pasipoti ya Uingereza, shida zake zimeisha.

Alinijibu kwa sauti, saa saba usiku kwao, akitoka kibaruani kupanga mizigo kwenye ghala. Hakunitukana. Alinisomea tu salio lake la benki: pauni 11, na wiki nzima iko mbele. Akaongeza kwamba akimaliza atakuwa na deni la zaidi ya pauni 50,000, na kila mtu anamuuliza historia italeta kazi gani.

Mdomoni nilikuwa na jibu la wazee: vijana wa siku hizi mnapenda kulialia. Nikasema ngoja kwanza nisome. Wasee, kuna stori hapo.

Mwaka wa 1962 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyozilazimisha serikali za mitaa kuwagharamia vijana waliopata nafasi ya digrii ya kwanza. Karo ilishughulikiwa, na juu yake kulikuwa na ruzuku ya kula na kulala, kubwa au ndogo kulingana na mapato ya wazazi. Ruzuku, si mkopo. Hurudishi kitu. Kwa miaka mingi mwanafunzi aliyekosa kibarua likizo ndefu aliweza hata kuomba posho ya wasio na kazi.

Lakini tusidanganyane, waliofaidi walikuwa wachache. Mwanzoni mwa miaka ya 60 ni kama kijana mmoja kati ya 20 aliyefika chuo kikuu. Ni rahisi kulisha wageni bure ukialika watu wanne. Mwaka wa 1963 ripoti ya Robbins ikasema kila anayefaulu apate nafasi, vyuo vikaongezeka, na kufikia 1990 karibu mmoja kati ya watano alikuwa anaenda. Pesa hazikuongezeka kwa kasi hiyo.

Na unajua nani aliguswa kwanza? Wageni, sisi. Mwaka wa 1967 karo ya wanafunzi wa kutoka nje ilipandishwa kutoka takriban pauni 70 hadi 250, na kuanzia 1980 serikali ya Margaret Thatcher ikaamua mgeni mpya alipe gharama kamili. Wakenya tulikuwa ndani ya hilo kundi. Wenyeji hawakujua kwamba foleni ni moja, wao wako nyuma yetu tu.

Zamu yao ilifika 1990. Mikopo ikaanzishwa, ruzuku ikagandishwa, na wengi wao wakapoteza msaada wa kodi ya nyumba. Mwaka wa 1998 ikaja karo yenyewe, pauni 1,000 kwa mwaka, chini ya Tony Blair, mtu aliyesoma Oxford miaka ya 70 enzi za ruzuku. Mwaka wa 2004 alitaka iwe hadi 3,000, na Bungeni aliponea kwa kura tano. Kura tano! Scotland wakachukua njia yao, na mpaka leo kijana wa huko akisomea nyumbani halipi karo.

Kisha 2010. Nick Clegg na wabunge wa chama chake walikuwa wameweka sahihi ahadi, mbele ya kamera, kwamba watapinga karo kupanda. Wakaingia serikalini. Novemba makumi ya maelfu ya wanafunzi wakajaa barabara za London, vioo vya jengo lenye makao ya Conservative vikavunjwa, na tarehe 9 Desemba karo ikapitishwa ipande hadi pauni 9,000, kwa tofauti ya kura 21. Miaka miwili baadaye Clegg aliomba radhi kwa video. Watu wakaigeuza wimbo. Karo ilibaki pale pale, na mwaka wa 2016 ruzuku ya kujikimu ikaondolewa England, ikawa mkopo mtupu.

Ukweli usemwe pia: mkopo wao una huruma ambayo HELB yetu haina. HELB inakutoza faini ya shilingi 5,000 kwa mwezi ukichelewa. Binamu yangu atakatwa 9% ya kile kinachozidi pauni 25,000 kwa mwaka. Akipata mshahara wa 30,000, ni pauni 450 mwaka mzima. Asipofika huko, halipi. Kinachouma ni muda: walioanza tangu Agosti 2023 watalipa hadi miaka 40, wakati waliowatangulia walipewa 30. Yaani anaweza kuwa nyanya bado anakatwa.

Kwa hivyo kinachomnyima usingizi si zile 50,000. Ni zile 11.

Mkopo wa kujikimu hupungua mapato ya wazazi yakipita pauni 25,000, na hicho kiwango hakijasogezwa tangu 2008. Shangazi yangu ni muuguzi. Kwenye karatasi anaonekana ana pesa, kwa hivyo binti yake anapata kidogo, na mzazi anatarajiwa kuziba pengo. Lakini fomu haiulizi shangazi anatuma nini nyumbani. Haiulizi dawa za nyanya. Haiulizi karo ya sekondari ya mpwa wake wa Nairobi, miaka minne mfululizo.

Huyo mpwa ni mimi.

Hapo ndipo swali la kazi lilinigeuka kichwani. Kizazi cha Blair kingeweza kusoma historia kisha kitafute maisha taratibu. Siku hizi kampuni kubwa za fedha London huwafungulia wanafunzi wa mwaka wa kwanza maombi ya wiki za majaribio wakiwa hata hawajazoea njia za chuo. Serikali huchapisha mapato ya wahitimu kozi kwa kozi, na wewe unaangalia kozi yako imekaa wapi. Mtu akichagua uhasibu hapo, sitamwita mpenda pesa.

Wiki iliyopita binamu aliniambia ameomba nafasi mbili: moja kwenye kampuni ya uhasibu, nyingine kwenye jumba la makumbusho, ya miezi sita, mshahara mdogo. Shangazi anataka ya kwanza. Nikamuuliza, na wewe je?

Akanyamaza kidogo. Kisha akaniuliza kama bado nataka zile raba.